Matembezi ya Ngomeni, Kengeleni na Likoni: yafaa pesa yako, lakini uende na moyo wa kuvumilia

Naanza na jibu manake najua wengi husoma mstari wa kwanza tu alafu wanaenda zao: nendeni. Nyota nne kwa tano, na hiyo moja niliyoikata nitasema huko chini nimeikatia nini.

Haya ni matembezi ya vijana wawili wa Mji wa Kale hapa Mombasa, kaka na dadaake, hawana ofisi wala bango, wawapata kwa WhatsApp kupitia mtu aliewahi kwenda nao, na wenyewe wameomba majina yao yasiwekwe kwa hivyo siweki. Mwaanza Ngomeni asubuhi, yaani Fort Jesus, kisha tuktuk mpaka Kengeleni, kisha mwarudi mwavuka feri mpaka Likoni. Tiketi ya ngome juu yako, tuktuk juu yao, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure kama kawaida. Lugha ni Kiswahili mwanzo mwisho, na hili peke yake kwangu mimi ni sababu ya kwenda, manake kuna mambo ya mji huu nilikua nayasikia yakisimuliwa wageni tu.

Wametofautiana na wengine kwa hili. Nishatembezwa pale ngomeni siku za nyuma na kampuni ingine, na nikaona kwa macho yangu vile hadithi inageuka kulingana na alielipa. Wakiwa Wazungu, mbaya ni Mwarabu na majahazi yake. Wakiwa Waislamu, mbaya ni Mreno na msalaba wake. Wakija watoto wa shule kutoka bara, mbaya ni kila mtu aliefika hapa kwa bahari. Kila mteja auziwa ukatili wa mtu mwingine, arudi nyumbani roho yake safi. Hawa vijana hawafanyi hivo, na si kwamba wapunguza makali ya historia, la, wayaweka yote mezani kisha wamgawia kila mtu fungu lake, na wewe uliekuja kusikiza habari za watu wengine wapewa lako pia.

Ngomeni kaka ndie msemaji. Hakuanzia na kuta, alianzia na bahari, Aprili 1498, Vasco da Gama ametia nanga nje ya kisiwa, na watu wake wamewashika Waislamu wawili waliokua melini, wawadondoshea mafuta yanayochemka kwenye ngozi ili waseme kama mji una njama. Kisha akasimama kidogo akasema hii haikuandikwa na adui yao, iko kwenye daftari la safari yao wenyewe, waliandika bila haya manake hawakuona kuna la kuonea haya. Miaka saba baadae, 1505, Francisco de Almeida akauchoma mji, na mfalme wa Mombasa akamwandikia mwenzake wa Malindi kwamba hakuachwa hai mtu, mkubwa wala mdogo, na kwamba uvundo wa maiti wamzuia hata kuingia mji wake. Alafu hapo hapo kijana akaongeza kitu ambacho sikuwahi kusikia mtembezaji akikisema: Malindi ilikua rafiki ya Wareno, na ugomvi wa Malindi na Mombasa ulikuepo kabla ya Mreno yeyote kufika. Moto ulikua wa mgeni lakini jirani alikua anajua unakuja.

Ya 1589 ndio niliyompendea zaidi. Kisiwani kulikua na Waturuki wa Mir Ali Bey, Wareno wakaja na manowari kutoka Goa, koloni lao la India, kuwatoa, na upande wa Makupa, pale pa kuvukia kutoka bara, wamekaa Wazimba, jeshi lililotoka kusini likipiga miji njia nzima. Mkuu wa Wareno akawaruhusu wavuke. Watu wakakimbilia baharini, wakaona afadhali kushikwa na Mreno kuliko kufikiwa na Mzimba. Padri mmoja wa Kireno aliandika kwamba Wazimba walikua wala watu, na wengi mpaka leo huishia hapo, wasema unaona, watu wa porini. Kijana akatuuliza, "Alieandika kwamba hawa wala watu ni wa upande ule ule uliowafungulia mlango. Sasa nambieni, nani kamla nani?" Hakuna aliemjibu, hata mimi.

Ngome yenyewe mwaijua, ilianza kujengwa 1593, mchoraji wake Mtaliani wa Milano, Giovanni Battista Cairati, tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Haya aliyapitia mbio mbio na sikumlaumu, yako kwenye vibao. Alipokaa sana ni 1631. Sultani Yusuf bin Hasan, babaake aliuliwa kwa njama ya Wareno, yeye akachukuliwa mtoto mdogo mpaka Goa, akabatizwa, akapewa jina Jerónimo Chingulia, akarudishwa kutawala chini ya makapteni waliokua wakimdharau mbele ya watu wake. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni, na siku zilizofuata wakauliwa Wareno wa mji, wanaume, wanawake na watoto, na Waafrika walioingia Ukristo pia wakauliwa. Kwenye grupu letu kulikua na mzee mmoja wa makamo, akasema, "Si alilipiza kisasi cha babaake huyo?" na mwengine akasema ni kweli, Wareno walijitakia. Dada mtu ndie aliejibu, kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, kapteni sawa, tuseme ni kisasi. Mtoto aliekimbilia kanisani alimuua nani?"

Nataka niseme kitu hapa. Hii ndio sehemu ambayo watembezaji wengi huiruka au huigeuza iwe ushujaa, na mimi kama mtu wa Mombasa naelewa kwa nini, manake Yusuf ni wetu, na alidhulumiwa kweli kweli, machungu yake yaonekana. Lakini ukiruka hapo ushaanza kusema ukatili una kabila. Ushasema wao wakiua watoto ni tabia yao na sisi tukiua watoto ni hasira.

Mzingiro wa 1696 mpaka 1698 wautembeza vizuri sana, mwapelekwa juu ukutani mwaona mlango wa bahari, na waeleza vile Waomani walizunguka na vile maradhi yaliua watu wengi ndani kuliko mizinga. Na kwamba ndani ya ngome, upande wa Wareno, kulikua na Waswahili wa Faza wakipigana. Hata hapo mstari haukupita penye dini wala rangi kama tunavopenda kuuchora. Kisha 1837, Seyyid Said wa Oman akawashika wakuu wa Mazrui, ukoo wa Kiarabu uliokua ukitawala Mombasa, kwa hila akawasafirisha mpaka Bandar Abbas na hawakurudi. Waislamu kwa Waislamu, Waarabu kwa Waarabu, jamaa kwa jamaa.

Kipande cha jela kimebebwa na dada na nawaambia huyu msichana ana kipaji. Waingereza waliifanya ngome jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Yeye yuasoma saikolojia chuoni, kwa hivyo hapa alitutoa Mombasa kidogo akatupeleka Marekani, Chuo Kikuu cha Yale, mwanzo wa miaka ya 1960, kwa Stanley Milgram. Huyu bwana aliwaita watu wa kawaida tu, makarani, mafundi, akawaambia wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu, wazidishe kila mara, na alieketi pale na koti la maabara awaambia endelea. Shoti zilikua za uongo lakini wao hawakujua. Kwenye jaribio lake linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho, volti 450. Wengi walitokwa na jasho, walitetemeka, waliomba waache, na bado walibonyeza. Jaribio hilo lilirudiwa baadae kwenye nchi zingine, na huko nako watu walibonyeza.

Kutoka hapo akatuleta Hola, hapo hapo Tana River, tarehe 3 Machi 1959. Wafungwa 11 wa kambi ya kuwazuilia watu wa Mau Mau, wale waliopigana na ukoloni wa Waingereza, walipigwa mpaka wakafa kwa kukataa kazi ya lazima. Waliopiga kwa marungu walikua askari jela Waafrika. Amri na mpango vilikua vya maafisa wa Kiingereza, vimeandikwa kwa karatasi. Na mwanzo serikali ikatangaza wamekufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Sasa ukiniuliza ukatili wa Hola ni wa utamaduni gani nitasema nini? Wa Uingereza wenye mabunge na mahakama? Wa askari aliezaliwa Kenya akimpiga Mkenya mwenziwe? Niliwaza hivo mpaka tulipotoka nje nikasahau hata kununua maji.

Tuktuk, daraja la Nyali, Kengeleni. Pale wengi hupita na matatu kila siku hawatizami ile kengele. Ndio kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, na wengine waliletwa kutoka India, walikopelekwa wakiwa watoto baada ya kukombolewa baharini. Kengele inasemwa ilikua ya kuwaonya watu wakija wavamizi wa kuwarudisha utumwani.

Kituo hiki kilinilemea kuliko vyote na sitaki kukizunguka. Mimi wazee wangu ni wa Mji wa Kale. Mashamba ya minazi na mtama ya pwani hii karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na waliomiliki ni Waarabu na Waswahili, watu waliosali, waliofunga, waliotunga mashairi mazuri ambayo mpaka leo twayasoma. Na wauzaji hawakua wa upande mmoja, wakati wa njaa kubwa ya 1884 kuna Wamijikenda walioweka rehani watoto wao mjini ili wapate chakula, na wengine hawakuwapata tena. Kaka mtu aliyasema haya yote mbele yetu, na ndani ya grupu kuna Mgiriama, kuna sisi wa mjini, kuna Mkamba, kuna wageni wawili wa Dar, na hakuna aliechekewa wala kufichwa.

Alafu akatoa tarehe moja tu: 1907. Huo ndio mwaka hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria hapa pwani ya Kenya. Kabla yake mtu aenda msikitini alfajiri na ana watu anaowamiliki, na baada yake aenda msikiti ule ule, imamu yule yule, pilau ile ile, na hana tena. Damu haikubadilika usiku mmoja. Wala utamaduni haukubadilika kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni ruhusa. Kwa mtu yeyote anaeamini kuna watu wamezaliwa na ukatili, huo mwaka mmoja watosha kumpa kazi ya kufikiri.

Mama mmoja wa Ganze, alikua amenyamaza asubuhi nzima, akasema akitizama ile kengele, "Na sisi kwetu sasa hivi mzee akitoka mvi aogopa watoto wake." Wa pwani wote mwajua yuazungumzia nini, wazee wanaouliwa Kilifi kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi kuna shamba. Akasema, "Hakuna Mreno aliekuja kutushikia panga." Dada alimshika mkono, wakakaa hivo, na hakujaribu kumpa maelezo yoyote, na hiyo nayo ni huduma nzuri kuliko maneno.

Likoni ndio mwisho. Mimi nakumbuka Agosti 1997 na nilidhani sihitaji kuambiwa. Kituo cha polisi cha feri kuvamiwa, polisi kuuliwa, watu wa bara kufuatwa majumbani, nyumba kuchomwa, maelfu kukimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Kila mtu wa umri wangu anayo yake. Vijana hawa walikua hawajazaliwa au wadogo sana, lakini wamesoma vizuri, waeleza vile ulikua mwaka wa uchaguzi na vile watu waliolipwa na kulishwa kiapo walitumwa. Maneno yaliyotumika yalikua yale yale ya mwaka wowote, wale si wenzetu, wale watatumaliza, wale ndio walivo. Na waeleza pia majirani wa hapa hapa waliowaficha wabara chini ya vitanda vyao. Kabila moja, mtaa mmoja, usiku mmoja, mwenye panga na mwenye kufungua mlango.

Hapa ndipo nilipobishana na kaka na nataka iandikwe, manake ndio kasoro yangu kubwa na haya matembezi. Alipokua anafunga maneno alisema binadamu wote ni sawa, kila mmoja wetu ana ukatili ndani yake, basi tusilaumiane. Nikamwambia mwanangu, sehemu ya kwanza sawa, ya pili siikubali hata kidogo. Ukatili ukiwa wa wote si maana hauna mwenyewe. Kila mahali ulipotupitisha leo kulikua na mtu aliefungua Makupa, mtu alieandika mpango wa Hola, mtu alielipa vijana wa Likoni, mtu alietaka lile shamba la mzee. Hao wana majina na wana hesabu yao. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema yasikitika na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, na hiyo haikupatikana kwa kusema binadamu wote wako hivo. Ilipatikana kwa wazee kwenda mahakamani London wakasema fulani alinifanyia hivi, siku fulani, mahali fulani. Ukisema ni tabia ya Waingereza wote, yule afisa amepona, yuajificha ndani ya Waingereza wote. Ukisema ni tabia ya binadamu wote, amejificha pazuri zaidi.

Alinisikiza, hakukasirika, akasema atalifikiria, na mimi namuamini. Lakini mtu alietembea asubuhi nzima akiwa ameumia haifai amalizie na tusilaumiane. Hiyo ndio nyota niliyokata, sehemu yake kubwa.

Zingine ni ndogo. Hawana kipaza sauti na pale ukutani upepo wa bahari wala maneno, mkiwa watu zaidi ya kumi walio nyuma hawasikii. Kengeleni hakuna kivuli cha maana na magari yapiga kelele, bora wangepatafuta mahali pa kuketi karibu. Walichelewa kuanza kwa sababu ya kungoja watu wawili, kwa hivyo Likoni tulifika jua la saa saba, wazee wakachoka. Na kituo cha mwisho kilikua cha haraka mno kwa jambo ambalo lina watu walio hai wanaolikumbuka, pale wangetakiwa kutupa nafasi ya kuzungumza sisi kwa sisi, badala yake kila mtu alikua ashaanza kutafuta gari.

Kwa mwenye kutaka kwenda: watoto wadogo usiwapeleke, wa sekondari ndio, tena hao ndio wangefaa zaidi kuliko sisi. Vaa viatu vya kufunga, ngazi za ngome zateleza. Beba maji na kofia. Mgonjwa wa magoti aweza kufanya Kengeleni na Likoni akaacha kule juu ukutani, wao hawana shida na wapunguza bei. Kula kabla, manake njia nzima hakuna mapumziko ya chakula, mimi nilishukuru viazi karai nilivyokula Mji wa Kale kabla ya kuingia. Malipo ni M-Pesa siku hiyo hiyo baada ya kumaliza, hawachukui cha mbele. Ukiwa na swali usilimeze, uliza, hata likiwa gumu kwa alie karibu nawe, hawa wawili wanajua kulibeba.

Wameniambia wanafikiria kuongeza Shimoni, yale mapango ya watumwa, lakini ni mbali na yataka siku nzima na gari. Walimu wa historia na wa dini walio kwenye shule za hapa mjini, waitieni hawa vijana grupu la wanafunzi muwape bei nzuri wapate hiyo gari. Mimi nitarudi nao wakianza hiyo ya Shimoni.